Kwa Mkono Wetu Wenyewe



Ndugu wapendwa wasikilizaji, twapenda karatasi nzuri: kadi yenye maua, bahasha yenye kingo za rangi, kalamu ya wino isiyokwaruza. Kupenda hivyo si dhambi. Lakini ni wangapi kati yetu tuliozihifadhi kabatini, huku ndugu tuliyekosana naye akingoja neno moja?

Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo alimwandikisha Tertio. Lakini alipomwombea Onesimo kwa bwana wake Filemoni, alishika kalamu mwenyewe. Waraka ule ni mfupi, aya 25 tu, nao uliandikwa kifungoni. Humo aliahidi, kwa mkono wake, kulipa lolote alilodaiwa Onesimo. Mwandiko ni dhamana. Aliyeandika kwa mkono wake hawezi kukana.

Basi leo, baada ya Misa, tuitoe ile karatasi kabatini. Mwandiko ukipinda, usituzuie. Ndugu yetu atautambua kabla hajaifikia sahihi. Tuandike mistari miwili tu: kwamba tulikosa, na kwamba twaomba radhi. Karatasi nzuri haina kazi iliyo bora kuliko hiyo.

Mungu awabariki. Amina.