Elimu Zote Ni Ndugu: Mafunzo Kutoka Katavi



Umezuka katika ofisi nyingi, na hata katika vyumba vya walimu, mtindo wa kuzipanga elimu kama watu wanavyopangwa katika foleni ya duka. Mbele kabisa husimamishwa udaktari, uhandisi na jiolojia. Nyuma yake kilimo na elimu ya wanyama. Na mkiani kabisa historia, lugha na uchunguzi wa mila. Kijana anayetaka kusoma historia huulizwa atakula nini. Mtafiti anayefika kijijini kuuliza majina ya mababu na maana ya matambiko huhesabiwa kuwa mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Mtindo huo hauna budi kuchunguzwa, kwa sababu unaathiri maamuzi. Unaamua ni barua ya nani ijibiwe upesi, ni taarifa gani isomwe na ipi iachwe iliwe na mchwa katika kabati la faili. Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, unatosha kuonyesha kwamba foleni hiyo haina msingi. Katika mkoa huu mmoja, ambao wengi hudhani ni pembe ya nchi iliyosahaulika, wamepita wataalamu wa miamba, wa maji, wa wanyama, wa dawa, wa historia, wa jamii na wa lugha. Kila mmoja ameona jambo ambalo mwenzake asingeliona.

Na tuanzie ardhini. Wanajiolojia wa dunia nzima, wanapozungumzia ukanda wa miamba ya kale unaopita magharibi mwa Tanzania kuelekea kusini, huutaja kwa jina lililotokana na Ubende, nchi ya Wabende wa Mpanda. Mwaka 2012 Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa miamba ya ukanda huo, yenye umri unaokaribia miaka milioni elfu mbili. Walionyesha kwamba baadhi yake ilikuwa sakafu ya bahari iliyozama chini ya bara na kukandamizwa kwa nguvu kubwa, kisha ikarudi juu. Uchunguzi huo haukumpa mtu kilo moja ya dhahabu. Lakini umeifanya ardhi ya Mpanda kuwa ushahidi katika swali kubwa la namna mabara yalivyojengeka.

Miamba hiyo hiyo ilileta uchumi. Madini ya risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu, ndiyo yaliyowafanya wakoloni wajenge reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, na reli ikabaki. Hapa mwanajiolojia anamaliza kazi yake, na mwanahistoria anaanza yake. Je, wafanyakazi waliokuja kwa ajili ya mgodi walikwenda wapi? Kwa nini mji haukufa pamoja na shimo lililouzaa? Maswali hayo hayajibiwi kwa nyundo ya kupasulia mawe, na kila mji wa madini nchini utalazimika kuyajibu siku moja.

Ndugu walimu na watumishi, mfano wa pili ni Mto Katuma. Mto huu hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, ukalisha maziwa ya Katavi na Chada kabla ya kuelekea Ziwa Rukwa. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kutazama mamia ya viboko waliobanana katika dimbwi la tope wakati wa kiangazi. Wengi huona maajabu. Mtaalamu wa maji huona dalili ya ugonjwa. Mwaka 2010 Manase Elisa na wenzake walichapisha uchambuzi wa tatizo la maji katika hifadhi za Tanzania, wakiutilia mkazo Mto Katuma. Walionyesha kwamba mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na kwamba sababu kubwa ni matumizi ya watu huko juu: mabanio ya kuchepushia maji mashambani, pamoja na uharibifu wa misitu katika vyanzo.

Matokeo hayo yana uzito, kwa kuwa ni rahisi mno kuisingizia mvua. Mvua haina ofisi wala haiwezi kuitwa kikaoni. Lakini banio limejengwa na mtu, na mtu huyo ana jina, ana familia, na ana majaruba ya mpunga yanayosomesha watoto wake. Elimu ya maji inaweza kueleza ni kiasi gani kinachochotwa. Haiwezi kueleza ni nani anayestahili kupata maji kwanza, wala kwa nini kijiji cha juu kikatae agizo lililokubaliwa na kijiji cha chini. Hapo anahitajika mchumi, mwanasheria na mtu anayejua jinsi wananchi wa mahali hapo walivyokuwa wakigawana maji tangu zamani. Anayevunja mabanio bila elimu hiyo atayakuta yamejengwa tena msimu unaofuata.

Mfano wa tatu ni simba. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakihamia kusini na magharibi pamoja na mifugo yao, wakafika na Mpimbwe na vijiji vinavyopakana na hifadhi. Kwao, mtu aliyeua simba aliyevamia mifugo alipewa heshima. Alivishwa, akapita nyumba kwa nyumba akicheza ngoma, na ndugu na majirani wakamtunza kwa ng'ombe na fedha. Kwa mtaalamu wa wanyama, tatizo la simba kuuawa lilionekana kuwa na dawa moja: imarisha maboma ya ng'ombe, na ulipizaji kisasi utakwisha. Lakini watafiti wa wanyama na wa jamii walipofanya kazi pamoja katika eneo hilo, na kutoa matokeo yao mwaka 2014, walikuta kwamba baadhi ya vijana walikuwa wakiwafuata simba ambao hawakugusa ng'ombe wa mtu, ili wapate zawadi za ngoma. Mila ya kujilinda ilikuwa imegeuka kuwa njia ya kujipatia mali.

Dawa nayo ikabadilika. Badala ya kutegemea boma na bunduki ya askari peke yake, wazee wa Kisukuma wenyewe walishirikishwa, maana wao ndio waliojua mipaka ya mila yao na ndio waliokuwa na uwezo wa kusema kwamba mchezaji fulani hastahili kutunzwa. Hakuna darubini wala mtego wa kamera ambao ungeligundua jambo hilo. Liligunduliwa kwa kukaa barazani na kusikiliza. Wala kusikiliza peke yake kusingetosha bila mtu wa kuhesabu simba.

Katika mkoa jirani wa Kigoma, kwenye milima ya Mahale, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamewachunguza sokwe tangu mwaka 1965, lilitokea jambo la kufanana na hilo. Mwezi Novemba mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuatilia sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku, aliyekuwa mgonjwa na mlegevu. Sokwe huyo alichuma matawi ya mti mchungu, akayamenya na kufyonza maji yake. Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa pamoja na mtafiti, aliutambua mti huo mara moja: ni mjonso, dawa ya watu wake. Baada ya siku moja hivi sokwe akaonekana amepata nafuu. Wawili hao waliandika pamoja taarifa iliyochapishwa mwaka 1989, na baadaye maabara zikakuta ndani ya mmea huo kemikali zenye uwezo wa kupambana na vimelea.

Izingatiwe jinsi kazi hiyo ilivyogawanyika. Mtaalamu wa wanyama aliona tabia. Mzee wa Kitongwe alitoa maana. Mkemia akatoa uthibitisho. Kama mzee asingelikuwapo, tendo la Chausiku lingeliandikwa kuwa ni mlo wa kawaida. Kama elimu ya mitishamba ingelikuwa imekwisha kupotea pamoja na lugha iliyoihifadhi, kiungo cha katikati kingelikatika. Kwa hiyo anayesema kwamba uchunguzi wa lugha ndogo ni anasa, na akumbuke mjonso.

Kwa bahati njema lugha hizo hazikuachwa kabisa. Mwaka 2006 Yuko Abe alichapisha msamiati wa Kibende huko Japani. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2009 atlasi ya lugha za nchi nzima. Na historia na mila za Wapimbwe zimeandikwa katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota, ambacho mmoja wa watunzi wake, Peter Mgawe, ameshirikiana na watafiti waliofika Mpimbwe kuchunguza watu na wanyama.

Mfano wa mwisho unagusa utu wenyewe. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, Tanzania iliwapokea maelfu ya wakimbizi, na wengi wao wakapewa ardhi katika makazi ya Katumba na, miaka michache baadaye, Mishamo, yote yakiwa wilayani Mpanda wakati huo. Walifyeka miombo, wakalima, wakauza mazao. Katika miaka ya 1985 na 1986 mtafiti Liisa Malkki aliishi na kuzungumza na wakimbizi wa Mishamo, na pia na wale waliokuwa mjini Kigoma. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Alikuta tofauti kubwa. Waliokuwa ndani ya makazi walijiona taifa lililo uhamishoni, wakisimuliana historia yao kila siku. Waliokuwa mjini walioana na wenyeji, wakafanya biashara, na hawakupenda kuitwa wakimbizi.

Watu hao ni wale wale, na yaliyowafukuza kwao ni yale yale. Kilichotofautiana ni namna walivyowekwa. Afisa aliyeusoma uchunguzi huo angelijua kwamba mpango wa makazi ni zaidi ya ramani ya viwanja na visima. Huamua pia watu watajiita nani baada ya miaka ishirini. Serikali ya Tanzania ilipoamua kuwapa uraia zaidi ya watu 150,000 wa makazi ya zamani, ilipangwa kwanza wahamishiwe mikoa mingine. Baadaye mpango huo uliachwa, na kuanzia mwaka 2014 walipewa vyeti vyao vya uraia. Kuwapa watu karatasi ni kazi ya siku moja. Kuwafanya majirani wawaone kuwa ni wananchi wenzao ni kazi ya muda mrefu, na mwalimu wa darasa la historia yumo katika kazi hiyo, apende asipende.

Sasa patakuwapo wenye kuuliza: fedha za kugharimia haya yote zitatoka wapi? Swali ni la haki. Nchi maskini haiwezi kuchunguza kila kitu kwa wakati mmoja, na ni lazima kuchagua. Lakini kuchagua kuanzie kwenye tatizo, wala kusianzie kwenye heshima ya somo. Mto unapokauka, na iulizwe ni elimu gani zinazohitajika ili utiririke tena, kisha zote ziitwe. Na pabaki nafasi kidogo kwa uchunguzi ambao faida yake haijaonekana bado, maana aliyekuwa akiandika majina ya mimea ya Watongwe hakujua kwamba siku moja sokwe angekuja kuwa shahidi wake.

Liko tatizo kubwa kuliko fedha. Sehemu kubwa ya yaliyogunduliwa Katavi imeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida yanayosomwa Ulaya, Marekani na Japani. Mkulima wa majaruba ya Katuma hajaisoma taarifa inayomhusu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kushika nafasi ya Baraza la UTAFITI la mwaka 1968, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Kibali hufika hadi wilayani na kijijini; inafaa na matokeo yafuate njia hiyo hiyo. Halmashauri haizuiwi na kitu kumwomba kila mtafiti aache kurasa tano za Kiswahili chepesi, zisomwe katika mkutano wa kijiji na kuwekwa katika maktaba ya shule. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, iliyoko Mpimbwe, inaweza kuwa ghala la kurasa hizo.

Nao walimu wasingoje wageni. Mwanafunzi wa Karema anaweza kuandika masimulizi ya wazee juu ya Adrian Atiman, mtu aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanafunzi wa Inyonga anaweza kuandika ni maua gani yanayofuatwa na nyuki na kwa mwezi gani. Mwanafunzi wa Mishamo anaweza kuandika jinsi babu yake alivyofyeka shamba la kwanza. Mambo hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji daftari, subira na mwalimu asiyecheka.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, mwamba, mto, simba, mti mchungu na mkimbizi ni maswali matano ya nchi moja. Anayeyapanga katika foleni atalijibu la kwanza na kuduwazwa na manne yaliyobaki. Wajibu wa ofisi na wa darasa ni kuhakikisha kwamba mwenye jibu, hata awe mzee asiyejua kusoma, amepewa kiti, na kwamba jibu lake limerudi kijijini kwa lugha inayoeleweka.