Maumivu ya Viungo: Jua Sababu Kabla ya Kununua Dawa

(Mazungumzo ya afya mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya Alasiri)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada zangu. Mwezi huu mtukufu ndio unaotuonyesha taabu ya wazee wetu. Rakaa zimeongezeka na magoti hayataki. Utamwona mzee anashika ukuta ndio ainuke, na mama anaswali tarawehe nyumbani kwa kuwa ngazi za msikiti zimemshinda. Na sisi vijana ndio tunaotumwa: "Hebu nenda kaniletee ile dawa ya viungo." Kwa hivyo leo nazungumza na wanaotuma na wanaotumwa pia.

Kwanza tuelewane: maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Sisi tunayaita yote baridi yabisi, tukasema ni sakafu au upepo wa kusi. Baridi yaweza kumzidishia mtu maumivu, lakini mara nyingi asili yake ni nyingine. Nitataja nne.

Ya kwanza ni kulika kwa gegedu. Ukila kuku, kile kitu cheupe kinachoteleza mwisho wa mfupa ndicho gegedu. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisagane. Umri, uzito na majeraha ya zamani huila. Goti huuma mtu akipanda ngazi au akiinuka, na hupoa akipumzika. Asubuhi hukaza kidogo, kisha huachia kabla ya nusu saa.

Ya pili ni jongo. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu hugeuka chembe kali kama sindano ndani ya kiungo. Mara nyingi huanza usiku kwenye kidole gumba cha mguu. Kinavimba, kinawaka moto, hata shuka ikikigusa mtu analia. Maini, figo, nyama nyekundu nyingi, soda na upungufu wa maji huichochea. Sasa mwenye jongo akishinda na kiu mchana kutwa, kisha akafuturu kwa soda na mishikaki, si anajitafutia mwenyewe?

Ya tatu ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo. Huwapata zaidi wanawake, hata wakiwa vijana. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukaza kwa saa nzima au zaidi. Dada zangu, hapa tangawizi peke yake haitoshi. Ukichelewa, vidole hupinda visirudi. Dawa za hospitali zikianzwa mapema huviokoa.

Ya nne sisi watu wa pwani twaijua: chikungunya. Iliingia Lamu mwaka 2004, na Mombasa ikaivamia mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake ni kupinda, kwa vile mgonjwa huinama kwa maumivu. Homa huisha kwa siku chache, lakini viungo vyaweza kuuma kwa miezi. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye mapipa, mabirika na matairi yenye maji. Kinga yake iko mikononi mwetu: tufunike maji.

Sasa tuje kwenye tiba za asili. Ziko, na zasaidia zikiwekwa mahali pake.

Ya kwanza haiuzwi dukani, nayo ni kupunguza uzito. Kila kilo moja unayopunguza, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Ramadhani ni fursa, lakini wengi wetu hutoka nayo tumenenepa kwa sambusa, kaimati na viazi karai. Tupunguze vya kukaanga, tuzidishe mboga, matunda na samaki.

Ya pili ni mazoezi. Keti kwenye kiti, nyosha mguu mmoja mpaka uwe sawa, hesabu hadi kumi, ushushe. Fanya mara kumi kila mguu, kila siku. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupata wa kulibebea.

Ya tatu ni kukanda. Kiungo kilichokaza hukandwa kwa kitambaa cha maji moto. Kilichovimba na kuwaka huwekewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa.

Ya nne ni manjano na tangawizi. Majaribio kadhaa yameonyesha kuwa zaweza kupunguza maumivu ya goti kwa kiasi. Manjano hufanya kazi vizuri zaidi pamoja na pilipili manga. Lakini mwenye kutumia dawa ya kuyeyusha damu amuulize daktari kwanza.

Na anayeumikwa ahakikishe wembe ni mpya na vyombo ni safi, maana damu hubeba maradhi.

Nyinyi mnaotumwa dukani, nisikilizeni hapa. Kuna unga na vidonge visivyo na jina la mtengenezaji, vinauzwa ati ni mitishamba mitupu. Mzee anakunywa leo, kesho anatembea kama kijana. Ogopeni hiyo! Mitishamba haifanyi kazi kwa usiku mmoja. Dawa za namna hii zimewahi kupimwa katika nchi nyingi zikakutwa zimechanganywa na steroidi. Uso unavimba, sukari na presha zinapanda, mifupa inadhoofika. Na mzee aliyezitumia kwa muda asizikatize ghafla. Mpelekeni hospitali pamoja na hicho kipakiti.

Vidonge vya kawaida vya maumivu pia si peremende. Vingi huchoma tumbo tupu na kuumiza figo zisizo na maji. Mwulizeni daktari kama vinamfaa mzee anayefunga, na visimezwe bila chakula.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto ambaye viungo vinamuuma kwa kuhama, leo goti kesho kiwiko, baada ya kuumwa koo, apimwe moyo.

Mwisho, wazee wetu, dini yetu ni nyepesi. Asiyeweza kusimama ameruhusiwa kuswali ameketi. Kiti msikitini si aibu. Na sisi vijana tuwawekee viti hivyo safuni kabla hawajaomba.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.