MASHAMBA YETU YA BARA YALIYOLALA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Temeke na Kinondoni)



Twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulificha kwa haya. Sisi tuliotoka Unguja na Pemba tukafungua maduka Tandika, Mbagala na Magomeni, aghlabu kila tulipopata faida tulinunua eka mbili tatu Chamazi, Kimbiji au Bunju, tukaitia sandukuni karatasi ya manunuzi, kisha tukarejea dukani kupima sukari. Shamba likaota majani.

Zamani mashamba hayo hayakutamaniwa na mtu. Leo sivyo. Tangu lilipofunguliwa daraja la Kigamboni mwaka 2016 bei imepanda, na macho ya watu yamepanda pamoja nayo.

Twasema haya kwa kuwa yametufika. Tulikuwa na eka tatu upande wa Kimbiji. Tulimruhusu bwana mmoja, kwa mdomo tu, alime muhogo naye atulindie shamba. Kumwandikisha tuliona ni kumtuhumu. Miaka ikapita, muhogo ukafuatwa na minazi, minazi ikafuatwa na kibanda. Tulipomwomba atupishe, alituuliza: ni nani aliyenipa idhini, na karatasi yake iko wapi? Hatukuwa na jawabu. Tulisuluhishwa na wazee kwa kumwachia eka moja na minazi yake. Wala hatumlaumu yeye peke yake; sisi ndio tuliosoma Sura ya al-Baqara tangu utotoni, ambamo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe, tukaona kwamba hayo ni ya watu wengine.

Chama chetu hupiga kelele, na ni haki yake, Serikali inapogusa ardhi ya wananchi. Mwaka 2008 ulipotangazwa mji mpya wa Kigamboni, watu walizuiwa kuendeleza maeneo yao wakangoja miaka na miaka. Lakini anayetunyang'anya si Serikali tu. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kumshtaki aliyeivamia. Ikipita, mlango hufungwa. Amma yule aliyeingia kwa idhini ya mwenyewe, hata akae miaka 20, hawezi kuigeuza idhini ile kuwa milki. Basi idhini ithibitishwe kwa nini, kama si kwa maandishi? Kwa hivyo mkodi mwenye karatasi ni mlinzi wa shamba, na juu ya hayo analipa.

Katika karatasi hiyo yatajwe mipaka, muda na kodi, na iandikwe wazi kuwa yatapandwa mazao ya msimu tu: mchicha, bamia, kunde, matikiti. Muhogo nao wafaa, ila hukaa ardhini mwaka mzima, basi muda uhisabiwe. Mnazi na mwembe, hasha. Katika pwani yetu ardhi huweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Ama kodi, bora iwe fedha maalumu inayojulikana. Juu ya kugawana mavuno Maimamu wamekhitilafiana. Lakini mwenye shamba kujichagulia pembe yenye maji na kumwachia mkulima pembe kavu, hilo limekatazwa.

Wako vijana wetu wanaoshinda vibarazani hapa Temeke bila ya kazi, ilhali eka zetu zinalala. Twaomba wao waulizwe kwanza, kabla ya mgeni, nao waandikiane kama mgeni. Mtoto wa ndugu naye ana kalamu.

Jumapili, baada ya Alasiri, wenye hati au karatasi za manunuzi na waje nazo tawini, karani atazisoma moja moja. Asiyekuwa na karatasi na aje na shahidi wake angali hai.