Mvua Ndefu na Milango Iliyofungwa
Maneno yaliyosemwa na timu inayotembelea vijiji, kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Butembo



Tumechelewa kuanza juu ya mvua. Tulingoja karibu saa nzima ipunguze kelele kwenye manjanja ndipo tuweze kusikilizana, na wengine wenu mungali na nguo mbichi mwilini. Kwa hiyo hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Komite ilituomba tuseme juu ya majuma haya ya mvua na mawingu: namna gani mutu anayapita bila kuumia, zaidi sana yule aliyerudi nyumbani kisha miaka ya kukimbia.

Munajua wenyewe vipindi vyetu. Mvua inaanza mwezi wa tatu, inatuachia nafasi kidogo katikati ya mwaka, kisha inarudi mwezi wa nane ao wa tisa, na hiyo ya pili njo nzito. Inaweza kufika hadi mwezi wa kumi na mbili. Beni iko chini kidogo, kuna joto, mvua inakuja na mbu na matope. Butembo iko juu, zaidi ya metre 1,700, na huku mvua inakuja na baridi na ukungu unaokaa juu ya vilima hadi saa nne ya asubuhi. Mutu wa Beni anaweza kukaa majuma mawili bila kuuona mlima Rwenzori, kama vile hakuna mlima.

Ndugu zetu walioko Ulaya na Canada wanatuandikia kwamba kwao pia mwezi wa kumi na moja unawavunja moyo. Huko wanganga wamelichunguza jambo hilo. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake, kule Marekani, waliandika juu ya huzuni inayorudi kila mwaka wakati mchana unakuwa mfupi, na wakajaribu kuitibu kwa taa kali. Kwetu sivyo. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni masaa kumi na mbili mwaka mzima. Jua linachomoza kwa saa yake, ila liko nyuma ya mawingu. Kinachotuumiza si ufupi wa mchana. Ni nini basi? Hilo njo swali tulilobeba msimu huu wote, na tunataka kuwaambia tulipokosea kwanza.

Mwanzoni tulifikiri ni jambo la vitu. Tulikuja na shitingi, na vitabu vya kuandika majina, na maswali. Tulipita nyumba kwa nyumba. Kwenye kilima kimoja karibu na hapa kulikuwa nyumba ya mama mzee aliyerudi na wajukuu watatu. Tulibisha hodi mara ya kwanza, mlango umefungwa. Tuliandika: «Hayupo.» Kisha majuma mawili tukapita tena, mvua inanyesha, mlango umefungwa, tukaandika vilevile. Mama yule alikuwa ndani mara zote mbili. Alitusikia.

Mara ya tatu hatukuenda kumwandika. Tuliitwa. Usiku ule baridi ilikuwa kali, akaingiza babula ya makala ndani, akafunga dirisha kwa gunia, wakalala. Asubuhi jirani aliona kwamba watoto hawakutoka kuteka maji. Alipobisha hawakujibu, akasukuma mlango. Aliwakuta wanatapika, vichwa vinazunguka, mtoto mdogo hawezi kusimama. Waliwatoa nje kwenye mvua, na ile hewa ya nje njo iliwaokoa. Wote wako wazima leo. Lakini tulirudi kwenye karatasi zetu na kuona neno «Hayupo» mara mbili, kwa mkono wetu wenyewe. Tuliona haya.

Kisha siku chache tulikaa naye. Tulimuuliza kwa nini hakufungua. Alisema hivi: «Mungeingia, ningewapa nini? Hata chai sikuwa nayo. Hata kuni ya kuwasha moto.»

Ndugu zetu, neno hili lilitufundisha kuliko mafunzo yote tuliyopata. Kwetu mgeni hakai mikono mitupu. Yule ambaye hakukimbia ana kuni zilizokaa juu ya ziko tangu kiangazi, ana maharagi ndani, ana kahawa kidogo. Yule aliyerudi mwezi wa tisa alikuta nyumba bila mlango, shamba limekuwa pori, na mvua imekwisha kuanza. Hakuwa na kiangazi cha kujitayarisha. Basi mvua inapodumu, jirani mmoja anaota moto, na mwingine anajifungia ili haya yake isionekane. Watu wanasema: «Huyu aliyerudi ana majivuno, hatembelei watu.» Kumbe si majivuno.

Tulipoanza kuuliza vizuri, tulisikia mambo mengine mawili. Upande wa Oicha na Mbau wengi walituambia kwamba shida yao ni kelele ya mvua. Papa mmoja alisema: «Mvua ikipiga ku manjanja, siwezi sikia kama kuna mutu anakuya.» Munajua sote habari za Beni tangu mwezi wa kumi mwaka 2014. Mutu aliyekimbia usiku, kwake mvua si mvua tu. Analala akikaa, na asubuhi hana nguvu ya kulima. Tena kuna mazoea tuliyopata wakati wa Ebola, toka mwezi wa nane mwaka 2018 hadi mwezi wa sita mwaka 2020: kutopeana mikono, kutoingia nyumba ya mutu. Mazoea hayo yalituokoa. Watu zaidi ya 2,200 walikufa, hatuwezi kuyacheka. Lakini ugonjwa ule ulipoisha, milango mingine haikufunguliwa tena.

Sasa tuseme yaliyofanyika, na hayakutoka kwetu. Yalitoka kwa wamama wa kikundi kimoja cha akiba, nyumba kumi hivi. Walipatana kitu kidogo: siku ya tatu na siku ya posho, kisha saa nane ya mchana, wanakutana kwa nyumba moja, kwa zamu. Kila anayekuja anakuja na kuni yake na kikombe chake. Mwenye nyumba anatoa ziko tu. Hakuna anayeuliza kwa nini hakuna sukari. Kuni kumi zinawasha moto ambao kuni moja haiwezi, na moto ule ule unapika, unakausha nguo za watoto, unakausha kuni za siku ijayo zikipangwa pembeni. Kabla ya giza kila mutu amerudi kwake.

Tulipoona hayo tulifikiri ni jambo dogo. Halafu tukaanza kuona kinachopita kwenye ziko lile. Hapo njo inajulikana nani anakohoa, nani hajalala, mtoto gani amekosa masomo juu daraja la miti limebebwa na maji. Yule papa wa kelele, kikundi cha kwao kilipatana na majirani watatu: mvua ya usiku ikianza, wanaitana kwa filimbi, nyumba kwa nyumba, kila mmoja anajibu. Haifukuzi adui. Lakini anajua kwamba hayuko peke yake, na ametuambia kwamba sasa analala kidogo. Hatutaki kuwadanganya: siku nyingine wanakuja watatu tu. Kuni ni ghali. Kuna nyumba ambazo hazijakubali bado. Mama yule wa kilima alikataa mara mbili. Mara ya tatu alituma mjukuu na kipande cha kuni. Juma lililofuata alikuja mwenyewe.

Tuko na maneno machache ya kazi, musiondoke bila hayo.

La kwanza, babula. Makala yenye kuwaka inatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Haingojei moshi. Mutu anasikia kichwa kuuma, usingizi, kichefuchefu, kisha haamki. Babula isilale ndani, hata kama makala imebaki nyekundu kidogo tu. Ote nje ya chumba, ao mlango na dirisha viwe wazi, na kabla ya kulala itoke.

La pili, watoto. Kikohozi cha baridi kinapita. Lakini mtoto anayepumua haraka haraka, ao kifua kinaingia ndani anapovuta hewa, ao anakataa kunyonya, huyo haongojei mvua ikatike. Anapelekwa kituo cha afya siku ile ile. Na homa upande wa Beni ipimwe malaria. Tusiseme «ni baridi tu».

La tatu, mavuno. Wakulima wa kakao wanajua maumivu haya: mbegu zinachachushwa siku tano hadi saba, kisha zinahitaji karibu juma zima la jua ili maji yake yashuke chini ya sehemu 8 kwa mia. Jua likikosa, kuvu inaingia. Wengine wanakausha juu ya moshi, lakini kakao inayonuka moshi mnunuzi anaishusha bei. Meza ya miti yenye kupanda juu kutoka kwa udongo, na kifuniko cha plastiki nyeupe chenye nafasi ya upepo pande zote, inasaidia hata siku ya mawingu. Meza moja kwa nyumba tano inatosha kuanza. Ni vilevile kwa maharagi na mahindi: yasianikwe chini, na yasiwekwe kwenye gunia yakiwa na maji ndani, kwani kuvu ya mahindi ni sumu hata ikipikwa.

La ine, mifereji. Salongo ya kuchimba mifereji ifanyike kabla ya mwezi wa nane. Kwenye vilima vya Butembo maji yasiyopewa njia yanachimba korongo, na korongo inabeba nyumba.

La tano, moyo. Mutu akikaa zaidi ya majuma mawili hali, halali, hataki kuona watu, ao anasema heri afe, hilo si uvivu wala si ulozi. Kuna wasaidizi waliofundishwa kusikiliza. Tuambieni, tutamfikisha kwao, na siri yake itabaki siri.

Kwa marafiki wanaotutumia msaada, tuna neno moja la heshima. Shitingi inayofika mwezi wa kumi na moja inafika kisha nyumba kulowa, tena barabara inakuwa tope na gari linalala njiani. Kutoka hapa hadi Beni ni kilomita 54 tu, lakini munajua wenyewe kipande hicho wakati wa mvua. Kitu kile kile kikifika mwezi wa sita kina faida mara mbili. Na mukiuliza ni kitu gani kingine, tungesema: meza za kukaushia, na kibanda kimoja kwa kila kikundi cha kuwekea kuni kavu toka kiangazi, ili anayerudi mwezi wa tisa akute kuni zinamngoja. Kibanda hicho hakina sura nzuri kwenye picha. Lakini mwenye kurudi akipewa kuni siku ya kwanza, hatajifungia.

Tunamalizia. Sisi tumeacha kuandika «Hayupo». Siku hizi mlango ukifungwa tunamuuliza jirani, na jirani akisema hajui, hapo njo kazi yetu inaanza. Tunaomba ninyi pia mufanye hivyo. Mukitoka hapa, mvua ingalipo, angalieni nyumba ya tatu ao ya ine kutoka kwenu ambayo haijatoa moshi tangu juzi. Musiende na maneno mengi. Bebeni kuni moja, bisheni hodi, na semeni kwamba mumekuja kuota moto.