Gharika Si Hasara Tupu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ifakara)



Twapenda kusema machache juu ya mto Kilombero. Sisi makarani wa bonde hili, masika yajapo na mashamba kufunikwa, huandika gharika katika safu ya hasara. Leo twapenda kuuliza: je, hesabu hiyo imetimia?

Mto huu hukusanya maji ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga, ukapita kati ya milima ya Udzungwa na nchi ya Mahenge, hata maporomoko ya Shuguri. Hapo hukutana na Luwegu, ukaitwa Rufiji. Jina la Kilombero hukoma, maji hayakomi: zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yatoka bondeni kwetu.

Rufiji uingiapo baharini, mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika mikono mingi yenye mikoko, na bahari hujaa na kupwa ndani yake mara mbili kila siku. Humo manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha mwaka 1914, nazo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa uchache wa kina. Ndipo zikaletwa Severn na Mersey, zilizoweza kupita penye maji haba, na Königsberg ikaangamia tarehe 11 Julai 1915.

Lakini mkulima wa mpunga wa huko ana vita vyake vya kila mwaka. Bahari huleta chumvi. Gharika ya mto huisukuma nyuma na kuacha udongo mpya. Mto ukipungua, chumvi hupanda mashambani. Basi maji tuyaandikayo hasara huku, kule ni chakula.

Tena, tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, si mvua peke yake iamuayo kiasi cha maji yashukayo. Mkono wa mtu nao umo. Na sisi wa juu twalima hata ukingoni.

Hatusemi kwamba nyumba iliyobomoka si hasara. Twaomba tu daftari zetu ziongezwe safu ya pili: maji haya yanakwenda kwa nani? Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Yatupasa nasi tuufuate kwa kalamu zetu, hata baharini.