Gari la Familia Lipimwe kwa Safari Zake
Msikilizaji, anayenunua gari la familia asitangulize ukubwa wa injini. Atangulize barabara anazopita kila siku. Kwa mfano, Toyota Rush ya toleo lililozinduliwa mwaka 2017 ina injini ya lita 1.5 tu, lakini uvungu wake umeinuka milimita 220 kutoka ardhini, kimo kinachofaa kwa matuta na barabara za vumbi. Wapo watakaosema kwamba gari hili likibeba watu saba huchoka mlimani, na kwamba nguvu huenda kwenye magurudumu ya nyuma pekee. Ni kweli. Hata hivyo, safari nyingi za familia ni za shule, kazini na sokoni. Kabla ya kulipa, lijaribu mlimani likiwa limejaa, kisha uulize bei ya vipuri.