Tahasusi na Kujitambua kwa Mwanafunzi

Tahasusi, yaani mkusanyo wa masomo matatu anayoyasoma mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania, ziliongezwa mwaka 2024 kutoka 16 hadi 65, na upana huo unamtaka kijana ajitambue kabla ya kuchagua. Kujitambua, kwa maana ya kupima uwezo, mwelekeo na malengo binafsi kwa ushahidi badala ya matamanio, hakutokani na alama za mtihani pekee, kwani aliyefaulu Baiolojia kwa kukariri huenda akaichukia maabara, ilhali mwenzake wa alama za wastani hufurahia kupasua chura na kuchora alichokiona. Wazazi na walimu wa ushauri nasaha wamwongoze mwanafunzi, wasimchagulie.